Mchezo wa Kale Ufufuliwe, au Uachwe Ulale?

Muhula huu Chama chetu cha Mijadala kilikutana mara nne, na mkutano wa tatu ndio uliovuta watu wengi kuliko yote. Hoja iliyowekwa mbele yetu ilikuwa hii: "Mchezo wa televisheni uliokwisha usifufuliwe." Mimi nilipewa kazi ya kuitetea hoja hiyo. Upande wetu ulishinda kwa kura 11, nami nikapigiwa makofi mengi. Lakini usiku ule bwenini usingizi haukunijia upesi, maana mwalimu mlezi wa chama aliniuliza swali moja ambalo sikulijibu. Naandika makala haya ili nilijibu sasa, ijapokuwa jibu lenyewe linapingana na maneno niliyoyasema mwenyewe.

Mfano tuliobishania ni mchezo wa Waingereza uitwao "Doctor Who". Wako wasomaji, hasa wazee wetu, ambao hawajauona, kwa hiyo yafaa niueleze kwanza. Mchezo huu ni wa hadithi za kubuni za kisayansi, yaani hadithi zinazouliza: ingekuwaje kama jambo fulani lisilowezekana leo lingewezekana? Hapa swali ni hili: ingekuwaje kama mtu angeweza kusafiri katika wakati, akaenda zamani au mbele, kama sisi tuendavyo mjini na kurudi? Msafiri huyo huitwa "Daktari", na jina lake halisi halijulikani. Chombo chake kwa nje ni kibanda cha buluu cha simu ya polisi, cha namna iliyokuwa ikionekana katika barabara za Uingereza zamani zile. Lakini ukiingia ndani ni kikubwa kuliko jumba.

Mchezo ulianza kuonyeshwa na BBC siku ya Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963. Siku iliyotangulia Rais Kennedy wa Marekani alikuwa ameuawa, na watu hawakuwa na moyo wa kutazama michezo. Kwa sababu hiyo Jumamosi iliyofuata BBC ilionyesha tena sehemu ile ya kwanza kabla ya kuonyesha ya pili. Hivyo mchezo huu ulipewa nafasi ya pili ukingali na umri wa juma moja tu!

Jambo litakalowapendeza walimu wetu ni kwamba hadithi yenyewe inaanzia shuleni. Walimu wawili, mmoja wa sayansi na mmoja wa historia, wanamshangaa mwanafunzi wao mmoja wa kike, ambaye anajua mambo makubwa yasiyofundishwa darasani, lakini mambo madogo ya kila siku hayajui. Wanamfuata jioni mpaka anapokaa, wakaona ni uwanja wa vyuma chakavu, na ndani yake kibanda cha buluu. Walimu hao hawakuchaguliwa ovyo. Sydney Newman, Mkanada aliyekuwa mkuu wa michezo ya kuigiza katika BBC, alitaka watoto wafundishwe huku wakiburudika: safari za mbele ziwape sayansi, na safari za nyuma ziwape historia. Ndiyo maana mwaka 1964 Daktari na wenzake walisafiri pamoja na Marco Polo, wakafika na kwa Waazteki wa Mexico.

Kazi ya kuutengeneza alipewa Bi Verity Lambert, kijana bado, na wakati huo mwanamke pekee mwenye cheo hicho katika idara yake. Mwelekezaji wa hadithi ya kwanza alikuwa Waris Hussein, kijana mzaliwa wa India. Fedha hazikuwa nyingi, basi wakatumia akili. Sauti ya kile chombo kinapoondoka ilipatikana kwa kukwaruza nyuzi za piano kuukuu kwa ufunguo wa mlango. Muziki wa mwanzo uliotungwa na Ron Grainer haukupigwa na bendi: Bi Delia Derbyshire aliuunda kwa kukata vipande vya kanda za sauti na kuviunganisha kimoja kimoja.

Mwaka 1966 likatokea jambo lililokuwa karibu kuua kila kitu. William Hartnell, aliyekuwa akicheza sehemu ya Daktari, afya yake ilidhoofika. Katika mchezo mwingine wangeandika neno "Mwisho" na kuzima taa. Badala yake waandishi walibuni kwamba Daktari si binadamu kama sisi, na kwamba mwili wake ukichakaa hugeuka, akawa mtu mwenye sura mpya na tabia mpya, kama nyoka ajivuavyo gamba. Patrick Troughton akashika nafasi, na mchezo ukaendelea. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Mchezo ulidumu miaka 26. Katika mwaka 1979 kuna hadithi iliyotazamwa na watu wapatao milioni 16, ingawa lazima niseme kweli kwamba siku hizo stesheni iliyoshindana na BBC ilikuwa katika mgomo. Baadaye mambo yakaharibika. Mwaka 1985 ulisimamishwa kwa miezi 18, kisha ukawekwa saa moja na mchezo mwingine wenye wapenzi wengi mno. Mwaka 1989 kuna sehemu iliyopata watazamaji milioni 3 na ushei tu. Tarehe 6 Desemba 1989 ikaonyeshwa sehemu ya mwisho, na taa zikazimwa.

Sasa nije kwenye mjadala wetu. Mimi nilisimama nikaanza na methali: "La kuvunda halina ubani." Nikasema kwamba fedha zinazotumika kufufua mchezo wa kale zinanyang'anywa waandishi vijana wenye hadithi mpya. Nikasema kwamba wanaotaka kufufua ni watu wazima wanaolilia utoto wao, na utoto haurudi hata ukiwashiwa televisheni. Tena nikatoa mfano ambao niliona hauna jibu, nao ni mchezo wa Kimarekani uitwao "The Twilight Zone". Ulionyeshwa kuanzia 1959 hadi 1964, na sifa zake zilienea kote. Ukafufuliwa mwaka 1985, ukafa. Ukafufuliwa mwaka 2002, ukafa baada ya msimu mmoja. Ukafufuliwa mwaka 2019, ukafa baada ya misimu miwili. "Bwana Mwenyekiti," nikasema, "maiti akizikwa mara nne, mwenye makosa si mchimba kaburi!" Ukumbi ukacheka.

Wapinzani wetu walijibu kwamba "Doctor Who" ilifufuliwa mwaka 2005 na ikafanikiwa. Nami nikawajibu kwamba hiyo ilikuwa bahati ya mtende kuota jangwani. Watu wakacheka tena, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotupa kura. Ndipo mwalimu mlezi akaniuliza, kwa upole, "Kijana, umesema vizuri. Lakini hujatueleza: kinachofufuliwa ni kitu gani hasa? Ni jina, ni sura, au ni kazi?" Nikasema neno moja mawili yasiyo na maana, kisha kengele ikalia.

Tangu siku ile nimefikiri sana, na nimeona kwamba swali lile ndilo ufunguo. Nianze na mfano wangu mwenyewe. "The Twilight Zone" ya kwanza ilikuwa na sehemu 156, na katika hizo, 92 ziliandikwa na mtu mmoja, Rod Serling. Yeye alikuwa na hasira na dhuluma za nchi yake, akazificha ndani ya hadithi za ajabu ili zisikatwe na wafadhili wa matangazo. Serling alifariki mwaka 1975. Waliokuja baadaye walipata jina, wakapata na sura ya mchezo. Lakini uhai wake ulikuwa katika kalamu ya mtu, na kalamu hairithiwi pamoja na jina. Hayo ni maoni yangu, lakini nayaona yanaeleza vizuri kwa nini mchezo uliinuka mara tatu na kuanguka mara tatu.

"Doctor Who" haikuwa hivyo. Tangu siku ya kwanza ilikuwa kazi ya mikono mingi: Mkanada, mwanamke wa Kiingereza, kijana wa Kihindi, fundi wa sauti, na waandishi wengi waliopokezana. Tena ilikuwa na mlango ule wa mwaka 1966, ambao kwa huo kila kitu kiliweza kubadilika na mchezo ukabaki uleule. Hata hivyo mlango peke yake hautoshi. Mwaka 1996 walijaribu kwa filamu moja ya televisheni iliyotengenezwa Canada, na Paul McGann akawa Daktari wa nane. Uingereza ilitazamwa na watu milioni 9 hivi, lakini Marekani haikupata watu wa kutosha, basi haikuendelezwa. Kwa maoni yangu filamu ile ilijali mno kuonyesha kwamba inakumbuka mambo ya zamani, hata mgeni akawa kama mtu aliyeingia arusini asikomjua bwana wala bibi.

Mwaka 2005 Russell T Davies alifanya vingine. Yeye aliupenda mchezo huu tangu utoto, lakini hakuanza na kumbukumbu zake. Alianza na msichana mmoja muuza duka wa London, aitwaye Rose, anayekaa na mama yake katika nyumba za watu wa kawaida. Mtazamaji asiyejua lolote alijifunza kila kitu pamoja na Rose, kama zamani watoto walivyojifunza pamoja na wale walimu wawili. Daktari naye alirudi akiwa na huzuni mpya: vita vimeangamiza watu wake, naye amebaki peke yake. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa tarehe 26 Machi 2005, na watu kiasi cha milioni 10 na laki 8 waliitazama. Kazi yenyewe ilifanywa Cardiff, mji mkuu wa Wales, na mafundi na waigizaji wengi wa huko walipata riziki. Basi ile hoja yangu kwamba kufufua huwanyima vijana nafasi haikuwa kweli kamili. David Tennant, aliyekuwa Daktari wa kumi, amesema kwamba mchezo huo alioutazama utotoni ndio uliomfanya atake kuwa mwigizaji.

Hivyo jibu langu kwa mwalimu ni hili: kilichofufuliwa mwaka 2005 kilikuwa ni kazi. Kazi hiyo ni kumchukua mtu wa kawaida, kumpeleka mahali pageni, na kumrudisha akiwa na akili iliyopanuka. Sura ilibadilishwa, jina likabaki kama kibao mlangoni.

Sisi wa Afrika tuna sababu mbili za kutosema kwamba habari hizi ni za Waingereza peke yao. Ya kwanza ni kwamba zamani BBC ilifuta kanda nyingi za mchezo huu, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na ziliweza kutumiwa tena. Katika sehemu 253 za miaka sita ya mwanzo, nyingi zilipotea. Lakini nakala za filamu zilikuwa zimepelekwa nchi za nje, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zilizokuwa zimepotea zimepatikana katika mji wa Jos, nchini Nigeria. Hata baada ya hapo zilibaki 97 zisizoonekana. Waliotengeneza walitupa; ghala la Afrika likahifadhi.

Ya pili ni kwamba tangu mwisho wa mwaka 2023 hadi Mei 2025 Daktari alikuwa Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali, Rwanda, mwaka 1992. Familia yake ilikimbia mauaji ya mwaka 1994 ikafika Scotland. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuuongoza mchezo huo. Mtoto aliyekimbia vita akiwa mdogo sana alikuja kumwigiza msafiri ambaye watu wake wameangamia. Nilipolijua hili niliona haya kwa mzaha wangu wa mtende.

Hata hivyo sitaki kuruka upande mmoja mpaka mwingine kama panzi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mchezo huu pia umepungukiwa watazamaji miaka ya karibuni. Mwezi Oktoba 2025 BBC ilitangaza kwamba kampuni ya Disney, iliyokuwa ikishirikiana nayo katika gharama, haitaendelea, lakini kwamba mchezo wenyewe hautaachwa. Basi swali la ukumbi wetu limekuwa swali lao tena, na huenda likarudi kila baada ya miaka ishirini.

Leo ningeulizwa mbele ya ukumbi, nisingejibu "ndiyo" wala "hapana" kabla ya kuuliza mambo matatu. Je, ya kale yenyewe yamehifadhiwa, au tunataka kuyafufua kwa sababu tumeyatupa? Je, uhai wa mchezo ulikuwa katika mtu mmoja aliyekwisha kufa, au katika kazi ambayo mikono mingine yaweza kuishika? Na je, anayefufua ana neno la kuwaambia watoto wa leo, au anataka kujikumbusha mwenyewe? Majibu yakiwa mema, na ufufuliwe. Yakiwa mabaya, uachwe ulale kwa heshima, na kanda zake zitunzwe mahali pakavu.

Nawaomba radhi wenzangu 11 walionipa ushindi. Hoja yetu ilishinda kwa kicheko, na kicheko si ushahidi. Mwenye fikira tofauti na hizi na aandike katika toleo la muhula ujao. Nami naahidi kumsoma mpaka mwisho kabla ya kucheka.