Jeki ya dishi kuukuu yafaa kugeuza mayai ya kuangulia

Na Mwandishi Wetu

Mfugaji wa kuku aliyeko Ilemba, kule chini katika bonde la Ziwa Rukwa, akitaka vifaranga mia moja kwa mpigo ana njia mbili. Aagize kutoka mbali, vifike Sumbawanga mjini ndani ya maboksi, kisha viteremshwe milima ya Lyambalyamfipa kwa joto na vumbi. Au atengeneze mashine yake ya kuangulia mayai hapo hapo kijijini.

Mashine yenyewe si kitu cha ajabu. Seremala anaweza kuunda sanduku, na joto la nyuzi 37.5 hupatikana kwa taa ya mafuta au kwa balbu za umeme. Kazi inayochosha ni kugeuza mayai. Yai la kuku hukaa siku 21, na mpaka siku ya 18 linatakiwa kugeuzwa usiku na mchana. Likilala upande mmoja muda mrefu, hasa wiki ya kwanza, kiini cha kifaranga hugandamana na utando wa ndani na kufa. Kwa mkono ni angalau mara tatu kwa siku, na kila unapofungua mlango joto linatoka. Mashine za kiwandani hugeuza kila saa, bila mtu kuamka.

Kifaa cha kufanya kazi hiyo pengine kimelala stoo kwa jirani. Baada ya vituo binafsi vya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994, wenye baa na kumbi za video walifunga madishi makubwa ya wavu. Dishi lililotakiwa kuhama kutoka setilaiti moja hadi nyingine lilifungwa mkono wa umeme unaorefuka na kufupika. Ndani yake mna mota, giya na skrubu ndefu. Ni kama jeki ya gari ya kuzungusha, ila hapa anayezungusha ni mota. Yalipokuja madishi madogo yasiyohama, jeki hizo zilibaki bila kazi.

Jeki nyingi za dishi zimetengenezwa kwa volti 36. Hilo lisikutishe. Ukiipa betri moja ya volti 12 itatembea taratibu, kama theluthi ya mwendo wake, na nguvu yake itapungua. Kwa mayai hilo ni jema, kwani yai halipendi kurushwa. Ukifungua kifuniko utakuta waya mbili za mota, na pengine nyingine mbili nyembamba za swichi ndogo iliyokuwa ikihesabu mizunguko. Hizo nyembamba usiziguse na betri, utaiunguza swichi hiyo.

Kurudi na kusimama

Mota hii hugeuza mwelekeo ukibadilisha chanya na hasi. Fundi redio yeyote atakuunganishia swichi ya miguu sita: betri kwenye miguu miwili ya mwisho mmoja, waya mbili zikipishana kwa umbo la X kwenda mwisho wa pili, na miguu miwili ya kati iende kwenye mota. Ukibonyeza huku jeki inatoka, ukibonyeza kule inarudi.

Lakini kuendesha jeki ni rahisi. Kuisimamisha ndiko kunakotofautisha fundi na mbabaishaji. Skrubu haijui kwamba trei imefika mwisho. Itaendelea kusukuma mpaka ipasue sanduku, ivunje mayai, au mota ikwame na kuungua. Ndiyo maana ndani ya jeki nzuri mna swichi mbili za ukomo, moja ya kutoka na moja ya kurudi. Fimbo ikifika mwisho, swichi inakata umeme. Kando ya kila swichi kuna diodi inayoruhusu umeme upite kwa mwelekeo wa kurudi tu. Bila hiyo jeki ingefika mwisho na kubaki huko. Unaponunua jeki kuukuu, jaribu kwanza swichi hizi kabla ya kuzungumzia bei. Kama zimekufa, fundi afunge nyingine mbili nje, zigongwe na trei yenyewe.

Swichi zikiwa nzima, kazi ya kujiendesha inakuwa nyepesi. Chukua rilei ya miguu minane, unganisha miguu yake sita kwa X ile ile, na taima iwashe rilei saa moja na kuizima saa moja. Ikiwashwa jeki inatoka mpaka ukomo na kusimama. Ikizimwa inarudi. Huhitaji kompyuta.

Sasa tupige hesabu ya betri. Jeki ikitumia ampea 2 kwa volti 12 ni wati 24. Ikitembea sekunde 20 kila saa, kwa siku nzima haifikishi hata wati-saa 4. Rilei nayo hula kama wati 1 muda wote inapokuwa imewashwa. Kwa saa 12 hizo ni wati-saa 12, mara tatu ya mota! Mwenye sola ndogo akumbuke hilo. Betri ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84 ikiwa mpya na imejaa, na si vyema kuikausha kupita nusu. Fyuzi ya ampea 5 karibu na chanya ya betri ni ya lazima, hata kama fundi atakwambia aliyemtangulia hakuiweka.

Trei

Hapa ndipo fedha hupotea bure, watu wakitafuta jeki yenye nguvu kubwa. Mayai 120 ya gramu 55 kila moja yana uzito wa kilo 6.6 tu. Trei ikining'inizwa katikati kama mizani, upande mmoja unausaidia mwingine na jeki inashindana na msuguano peke yake. Trei inatakiwa kulala nyuzi 45 upande huu na 45 upande ule. Ukishika fimbo sentimeta 10 kutoka kwenye mhimili, jeki itembee kama sentimeta 14. Ukiishika karibu zaidi, mwendo unapungua lakini inasukuma kwa nguvu zaidi. Rekebisha swichi za ukomo trei ikiwa tupu, kisha iangalie ikienda na kurudi siku nzima kabla ya kuweka yai hata moja.

Mota ikae nje ya sanduku, fimbo tu ipite kwenye tundu, kwa kuwa joto na unyevu wa ndani huleta kutu. Unganisha fimbo na trei kwa pini inayochomoka kwa mkono. Betri ikiisha usiku wa manane unachomoa pini, unageuza trei kwa mkono na kurudi kulala.

Siku ya 18 pini hiyo hiyo ichomolewe, taima izimwe, na mayai yahamishiwe kwenye trei ya chini iliyo bapa, vifaranga vipate mahali pa kusimama vikitoka.