Raga ya Ligi: Mpango Kwanza au Kipaji Kwanza?

Wengi wetu huku Pwani twaijua raga kupitia timu yetu ya taifa ya wachezaji saba. Leo natazama ndugu yake, raga ya ligi, ya wachezaji 13, inayopendwa sana Australia na kaskazini mwa Uingereza. Ndani yake mna ubishi tunaousikia hata kwenye viwanja vyetu vya kandanda: timu ishambulie kwa mpango, au mwenye kipaji aachiwe afanye lake?

Ubishi huu umeletwa na kanuni yenyewe. Timu yenye mpira huweza kukabwa mara sita tu. Ikikabwa ya sita bila kufunga, mpira huwaendea wapinzani. Kila baada ya kukabwa, walinzi hurudi nyuma mita 10. Basi kocha huweza kuzipanga nafasi hizo moja moja. Za mwanzo, wale wa miraba minne wapasue katikati. Kisha mpira upelekwe pembeni, huku mmoja akikimbia mbele kama chambo na mwingine akipokea nyuma yake. Ya mwisho, upigwe teke.

Kwa nidhamu ya namna hiyo, Penrith Panthers walitwaa ubingwa wa Australia mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Lakini tazama fainali ya 2023. Ezra Mam wa Brisbane Broncos, kijana mwepesi wa miguu, alifunga trai tatu kipindi cha pili, na Penrith wakawa nyuma 24-8. Mipango si matumizi, wahenga walisema. Hata hivyo Penrith hawakutapatapa. Walirudi kwenye kazi yao waliyoizoea, wakafunga mara mbili. Dakika za mwisho Nathan Cleary, mwendeshaji wa mipango yote, aliona mwanya, akauchukua mwenyewe na kufunga. Wakashinda 26-24.

Mwaka 2025 kibao kiligeuka. Broncos waliwafunga Melbourne Storm, timu inayosifika kwa mpangilio, 26-22, na Reece Walsh, fundi wa kubuni papo hapo, akawa mchezaji bora wa fainali.

Je, kipaji kimeshinda? Mimi sioni hivyo. Walsh hupata mwanya kwa sababu wenzake 12 wamekaa pahala pao na kuwashughulisha walinzi. Cleary naye alijua lini aiache ramani kwa kuwa alikuwa ameihifadhi moyoni.

Hapa ndipo nawaambia makocha wetu wa mitaani. Kijana mwenye chenga akikaripiwa kila akijaribu, atazima. Akiachiwa kila kitu, atazingirwa na watatu na timu itakwama. Wafundisheni kwanza wenzake wakae wapi. Kisha yeye mwambieni: ukiuona mwanya, nenda.