Chuo gerezani: Karagwe itazame Luzira

Mkazi wa Murongo, kule Kyerwa ambako mto Kagera unatutenganisha na Uganda, akishtakiwa kwa mauaji, kesi yake hutajwa tu katika mahakama ya wilaya. Husikilizwa na Mahakama Kuu, Bukoba. Akitiwa hatiani, jaji hana uchaguzi: ni kunyongwa, isipokuwa kwa mjamzito na aliye chini ya miaka 18. Wapo waliohukumiwa Bukoba wakaishia gereza la Butimba, Mwanza, mbali na ndugu wa kuwafuatilia nakala ya hukumu. Mfungwa asiye na wakili hubaki na kalamu yake. Je, anajua kuitumia?

Susan Kigula alijifunza. Mahakama ya Uganda ilimhukumu kifo mwaka 2002, akapelekwa gereza la Luzira. Yeye na wenzake 417 walipinga adhabu hiyo kwa msaada wa mawakili. Januari 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo. Kigula hakuishia hapo. Humohumo gerezani alirudia masomo ya sekondari, kisha akasoma sheria kwa njia ya posta katika Chuo Kikuu cha London, huku akiwasaidia wenzake kuandaa hoja za rufaa. Adhabu yake ilipunguzwa kuwa miaka 20, akatoka Januari 2016. Nchini Kenya, Peter Ouko alipata diploma ya sheria ya chuo hichohicho akiwa mfungwa katika gereza la Kamiti.

Sisi tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo Bukoba. Kilianzishwa kwa ajili ya watu wasioweza kukaa darasani kila siku. Nani hawezi kuliko mfungwa?

Mzazi wa Kayanga, Karagwe, aliyeuza kahawa ingali mtini, butura, ili alipe ada ya mwanawe atauliza kwa nini muuaji asomeshwe. Swali lake ni halali, na familia ya marehemu ina haki ya kuliuliza kwa uchungu zaidi. Lakini wafungwa wengi hawafii gerezani; watarudi kwenye migomba ileile, kwa majirani walewale. Na anayeelewa sheria huwasilisha rufaa yenye hoja, badala ya barua ya kulalamika inayowapotezea majaji muda.

Kikwazo cha kwanza hakiko chuoni. Ni cheti cha kidato cha nne, ambacho wengi waliofungwa hawakukipata. Kwa hiyo kazi ianzie chini: watahiniwa wa kujitegemea wasajiliwe humohumo gerezani, na mwanafunzi asihamishwe gereza mtihani ukikaribia. Hayo mawili hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji mkuu wa gereza na afisa elimu wa wilaya wakae meza moja.