Jiwe la Ivuna na Chumvi ya Ivuna

Jioni ya tarehe 16 Desemba, 1938, mgeni asiyealikwa alifika Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa. Hakuja kwa barabara ya Tunduma wala kwa mtumbwi; alitoka mbinguni. Alikuwa ni jiwe jeusi, na vipande vyake vilivyookotwa, vyote pamoja, havikutimia kilo moja. Kwa macho ya mkulima jiwe hilo halikuwa na faida yoyote. Lakini wataalamu walipolichunguza waliona ya kuwa ni la namna adimu mno, masalio ya siku zile jua na sayari zilipokuwa zikiumbwa. Wakaliita Ivuna. Hata leo kundi zima la mawe ya namna hiyo huitwa CI, na herufi hiyo I yasimama badala ya Ivuna. Mawe ya kundi hilo ambayo watu waliyaona yakianguka ni matano tu duniani kote. Na Wajapani walipopokea mchanga wa asteroidi Ryugu, uliofikishwa duniani na chombo chao mwezi Desemba, 2020, waliuona kuwa ni ndugu wa jiwe hili la Songwe.

Lakini Ivuna ina sifa nyingine, iliyo ya zamani zaidi. Ziko pale chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba mahali hapo katika miaka ya 1960 walikuta dalili ya kuwa watu walikuwa wakipika chumvi Ivuna tangu yapata karne ya 13. Kazi yenyewe haikuwa nyepesi: kuchuja, kukusanya kuni, kuchochea moto, kungoja maji yakauke hata chumvi ibaki chunguni. Basi Ivuna ina majina mawili. Moja lilianguka kutoka juu, halikuombwa wala halikutolewa jasho. La pili lilipikwa na watu wenyewe kwa mikono yao.

Msomaji atauliza mambo haya yahusu nini katika ukurasa wetu wa leo, maana twataka kunena habari za michezo ya video, ile ambayo vijana wetu huicheza katika vibanda na katika simu zao. Twamwomba avumilie kidogo. Humo nako mna wageni wanaoanguka kutoka juu, na mna chumvi inayongoja wapishi.

Wenye kutengeneza michezo hiyo wana desturi moja ya kustaajabisha, nayo ni kualika wahusika. Mhusika aliyezaliwa katika hadithi moja huonekana ghafula katika hadithi nyingine isiyomhusu. Mchezo uitwao Soulcalibur II, ambao ni wa mapigano ya panga, ulipoingia majumbani mwaka 2003, kila aina ya mashine ilipewa mgeni wake: aliyenunua GameCube alimkuta Link, wa PlayStation 2 alimkuta mzee Heihachi, na wa Xbox alimkuta Spawn. Mwaka 2008 toleo la nne likawaleta Darth Vader na Yoda kutoka filamu za Star Wars. Mwaka 2019 mchezo wa Tekken 7 ulimpokea Negan, mtu mkatili wa hadithi ya televisheni, mwenye rungu lililofungwa seng'enge. Sababu yake haikufichika. Mwenye duka akialika mwimbaji mashuhuri siku ya kufungua duka, hafanyi hivyo kwa kupenda nyimbo tu. Ataka watu waje, na wakija wanunue.

Hatuna ugomvi na desturi hiyo. Ukarimu ni sifa njema, na mtoto akifurahi kumwona mgeni asiyemtazamia, nasi twafurahi naye. Neno letu ni hili: katika wageni hao wamo waliotwaliwa kwetu, katika miji yetu na lugha yetu, na yatupasa tutazame wamewekwa mahali gani mezani.

Tuanze na binti aitwaye Elena. Alitokea mwaka 1997 katika Street Fighter III, mchezo wa kampuni ya Capcom ya Japani. Alisemekana ni Mkenya. Naye alirudi tena mwaka 2014, na mwaka 2025 akaingia katika toleo la sita. Ni binti mchangamfu, apenda urafiki, na hupigana kwa miguu. Hayo ni mema. Lakini mchezo wake wa miguu ni capoeira, nayo ni ya Brazil. Waliibuni Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wengi wao wakiwa wametoka pande za Angola. Kwa hiyo Mkenya huyu amepewa sanaa iliyovuka bahari ya magharibi, huku mieleka, fimbo na ngoma za nchi yake mwenyewe vikiachwa nyumbani. Hatusemi kuwa alitukanwa. Twasema alivishwa kanzu ya jirani.

Kisha tuitazame Mombasa. Katika Halo 2, mchezo uliotoka Novemba, 2004, vita kati ya wanadamu na viumbe wa sayari nyingine vyafika mwaka 2552 katika mji uitwao New Mombasa. Umo na uwanja wa mapambano ulioitwa Zanzibar, wenye pwani na gurudumu kubwa la upepo. Toleo la tatu, la mwaka 2007, likaendeleza vita hadi Voi. Na mwaka 2009 ukatoka mchezo mzima, Halo 3: ODST, ambao karibu wote wapita katika mitaa ya New Mombasa usiku, na mojawapo ya mitaa hiyo yaitwa Kizingo, jina ambalo kila mtu wa Mombasa alijua. Mtu aliyeufanya hakukosa kutazama ramani, nasi twampa haki yake. Tena ni jambo la heshima kuona mji wa Waswahili ukihesabiwa katika miji mikuu ya ulimwengu ujao. Hata hivyo askari wanaochezwa ni wageni watupu waliotua mjini. Msichana wa mji, ambaye habari zake husikika kwa vipande vya sauti tu, anaitwa Sadie Endesha. Endesha! Neno tunalomwambia dereva limefanywa jina la ukoo. Hapo ramani ilitazamwa, lakini hapana mzee wa Mombasa aliyeulizwa.

La tatu latuuma zaidi. Mwaka 2009 Capcom ilitoa Resident Evil 5. Hadithi yake yapita mahali pa kubuniwa paitwapo Kijuju, katika Afrika ya Magharibi. Watu wa mahali hapo wameambukizwa wakawa kama wanyama, na mchezaji kazi yake ni kuwapiga risasi. Watu hao wameitwa Majini, na wanapopiga kelele za kuua, wapiga kelele kwa Kiswahili. Fikiri, msomaji. Afrika ya Magharibi ina lugha zake nyingi na tukufu, lakini lugha iliyotwaliwa na kutiwa katika vinywa vya wagonjwa hao ni hii yetu, ambayo kwao si ya nyumbani. Picha za kwanza za mchezo huo zilipoonyeshwa mwaka 2007 watu wengi ng'ambo walilalamika kwa namna Mwafrika alivyochorwa. Sisi twaongeza la kwetu: lugha ambayo mama humbembelezea mtoto ilialikwa karamuni ili ifanywe sauti ya kutisha.

Je, ni mabaya matupu? La. Haki yataka tuseme na mengine. Mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo ulioitwa Baba Yetu, nao ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Aliyetunga muziki wake ni Mmarekani, Christopher Tin. Mchezo wenyewe wasimulia maendeleo ya mwanadamu tangu kale hata safari za angani, na wenye kuutengeneza waliona ya kuwa sauti ifaayo kuwakaribisha watu wa mataifa yote ni ya Kiswahili. Mwezi Februari, 2011, wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, nao ukawa wa kwanza kutoka katika mchezo wa video kuipata. Sisi tuliosali sala hiyo tangu utotoni, tukiwa tumepanga mstari asubuhi mbele ya mwalimu, tukisikia kwaya ikiiimba namna ile hatuwezi kukana ya kuwa moyo wasisimka. Lugha ile ile, basi. Mahali pamoja imefanywa ukelele wa jini, mahali pengine imefanywa sala. Tofauti imetoka katika moyo wa aliyealika.

Katika matoleo ya baadaye ya Civilization wageni wetu wameongezeka. Toleo la sita, la mwaka 2016, lina Zanzibar kama mji wa biashara, na anayepatana nao hupata mdalasini na karafuu. Toleo la saba, la Februari, 2025, limeitia Buganda katika mataifa ya kuchezwa, na katika viongozi limemweka Ibn Battuta, ambaye hakutawala nchi yoyote. Wengi walistaajabu msafiri kupewa kiti cha mfalme. Sisi hatukustaajabu sana, maana mtu yule alifika Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, akatazama, akauliza, akaandika. Mgeni wa namna hiyo kiti chamfaa.

Yuko na mgeni mwingine, ambaye kwake hakuna aliyebuni kitu. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, akacheza Simba, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Alipokwenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na Aston Villa ya Uingereza Januari, 2020, jina lake likaingia katika michezo ya FIFA pamoja na majina ya wachezaji wakubwa wa dunia. Kijana aliyekaa kibandani na pedi mkononi aliweza kumchagua Mtanzania na kumfungisha bao. Samatta hakuchorwa na mtu wa mbali aliyetazama ramani. Aliingia humo kwa sababu alikuwa amekwisha kufunga mabao ya kweli katika viwanja vya kweli. Hii, kwa mfano wetu, ni chumvi, si jiwe.

Wako watakaosema, "Nyinyi wahariri mwahangaika bure, huu ni mchezo tu." Twajibu ya kuwa hadithi za sungura na fisi nazo zilikuwa mchezo, lakini kwa hizo tulifundishwa nani mjanja na nani mlafi. Mtoto wa leo hukaa na michezo hii muda mrefu kuliko tulivyokaa sisi na bibi jikoni. Akiona kila siku ya kuwa shujaa hutoka kwingine, na watu wenye lugha yake ni wa kukimbiwa, atalijua somo hilo bila kufundishwa.

Tena wako watakaosema kazi hii ni ya nchi tajiri. Hao nao twawapa habari ya Lual Mayen. Kijana huyu wa Sudani Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza aliitamani, na mama yake, bila kumwambia, aliweka akiba muda wa miaka mitatu hata akatimiza dola 300, akamnunulia. Kuitia moto tu alikwenda mwendo wa saa tatu kwa miguu. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo akauita Salaam, wa kutafuta amani, na vijana wa kambini wakapeana kutoka simu hata simu. Mwaka 2018 alipewa heshima huko Marekani katika hafla kubwa ya tuzo za michezo ya video. Na Nairobi, Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015, mchezo ambao wageni wa sayari nyingine wauvamia mji, na shujaa anayewapinga ni mwenyeji. Mama yule wa kambini hakuwa na mtaji kuliko mama wa Ivuna. Alikuwa na nia, na alimwamini mwanawe.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jina letu limekuwa mgeni katika michezo hii zaidi ya miaka 20. Siku ya jembe imefika. Shule zenye kompyuta zisizifungie kabatini zikingoja mkaguzi; mtoto afundishwe kuandika programu, si kubonyeza tu. Wachoraji, watunzi na manju wetu wakae pamoja na vijana hao. Bao linalochezwa barazani ni mchezo wa hesabu kali, lingeweza kufundishwa dunia nzima kwa simu. Na kampuni ya ng'ambo itakayotaka Kiswahili katika mchezo wake itafute Waswahili, iwalipe, iwasikilize. Ikifanya hivyo hatutakutana tena na binti aitwaye Endesha.

Jiwe la mwaka 1938 latupa fahari, nasi hatulikatai. Lakini hakuna mtu wa Ivuna awezaye kuamuru jiwe jingine lianguke. Chumvi ndiyo aliyojua kuipika, na kwa sababu yake watu walitoka mbali kumfuata. Kuni zipo na maji yapo. Kilichobaki ni kuwasha moto.