Boma la Okonkwo Linavyomsema Mwenyewe

Mwulize mwanafunzi kuhusu mandhari ya riwaya, atakutajia nchi na kipindi, kisha atakimbilia dhamira. Anapitwa na mengi. Nyumba ya mhusika, na mahali iliposimama, ni sehemu ya usawiri wake sawa na maneno anayoyatamka. Mfano mzuri ni Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1958 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Clement Ndulute kwa jina la Shujaa Okonkwo.

Tuanze na nyumba ambayo mhusika mkuu, Okonkwo, anaikimbia maisha yake yote: ya baba yake, Unoka. Unoka ni mpiga filimbi hodari, mcheshi, na mkopaji asiyelipa. Siku moja jirani yake, Okoye, anakuja kumdai simbi 200, yaani kauri zinazotumika kama fedha. Unoka anaangua kicheko, kisha anamwonyesha ukuta wa kibanda chake, uliosuguliwa kwa udongo mwekundu mpaka ukang'aa. Amechora hapo kwa chaki mafungu matano ya mistari. Kila fungu ni deni la mtu mmoja, kila mstari ni simbi 100. Atalipa kwanza madeni makubwa, anasema, na Okoye anajiondokea. Ukuta umetunzwa vizuri na hesabu zake zimepangwa sawasawa, ila kilichohesabiwa ni mali za watu. Ghala hana, kwa hiyo mwanawe hana cha kurithi.

Okonkwo anauchukua udongo uleule mwekundu na kuufanyia kazi nyingine. Boma lake limezungushiwa ukuta mnene wenye lango moja tu, na kibanda chake, yaani obi, kiko hapo hapo baada ya lango. Nyuma yake vibanda vya wake zake watatu vimejipanga nusu duara. Upande mmoja kuna ghala lenye safu ndefu za viazi vikuu, upande wa pili banda la mbuzi, na karibu na ghala kijumba cha miungu na mizimu. Chora ramani yake kwenye karatasi utaona: anayepita langoni anapita mbele ya kibanda cha mwenye boma. Achebe anatuambia waziwazi kwamba mtu huyu anaogopa kufanana na baba yake. Boma linatuonyesha hofu hiyo ikiwa imejengwa, ikakandikwa na kujazwa viazi.

Ila ukuta hauwezi kulinda kila kitu. Jioni Okonkwo huwaita mwanawe Nwoye na Ikemefuna, kijana anayelelewa bomani mwake, waje obini awasimulie vita na ushujaa. Nwoye anasikiliza na kujifanya amefurahi, ilhali moyo wake uko kibandani kwa mama yake, kwenye hadithi za kobe na ndege. Kati ya vibanda hivyo ni hatua chache tu, na mwana ameshaanza kumtoka baba kabla mmisionari hata mmoja hajafika.

Hata mtaa una tabia. Huko Mbanta, Okonkwo anakotumikia uhamisho wa miaka 7, wazee wanawapa wamisionari kiwanja katika Msitu Mwovu, pahala wanapotupwa waliokufa kwa maradhi ya kutisha, wakitarajia kwamba watakufa upesi. Hawafi. Kanisa linawavuta waliosukumwa pembeni: Nneka, ambaye watoto wake mapacha walitupwa mara nne, kisha watu wa tabaka la osu, na Nwoye mwenyewe. Tukumbuke kwamba Unoka naye alipelekwa kufia katika Msitu Mwovu wa Umuofia, kwao Okonkwo. Mjukuu anapata makao katika ardhi ya aina ileile iliyommeza babu.

Okonkwo alipoua kijana kwa bahati mbaya, kosa lililompeleka uhamishoni, watu, akiwamo rafiki yake Obierika, walilichoma boma lake na kuubomoa ukuta. Hawakuwa na chuki. Walikuwa wanaitakasa ardhi. Kumbe boma lilikuwa lake kwa idhini ya jamii. Somo hilo halimwingii. Uhamishoni anaota kulijenga upya kwa fahari zaidi, na ghala kubwa zaidi, na vibanda vya wake wawili wapya. Miaka 7 imepita na jibu lake kwa kila msiba ni lilelile, limeongezwa ukubwa tu. Mwishowe, akiwa amerudi Umuofia, anajinyonga nje, nyuma ya boma, ambako tundu pekee ukutani ni la kupitishia kuku. Ukuta uliojengwa kumtenga na aibu ya baba yake haukumzuia kupata kifo cha aibu kama chake.

Kwa hiyo ukikutana na nyumba riwayani, jiulize: nani kaijenga, nani anaingia bila hodi, kipi kimewekwa pa heshima, na nani ana uwezo wa kuibomoa? Walimu, wapeni wanafunzi maswali hayo kabla hawajaandika "jasiri" au "mkali" kwenye karatasi ya mtihani. Sifa isiyo na ushahidi haina alama.