Mkaa wa Nani? Hesabu Isiyofanywa Kabla ya Kuanza Biashara ya Nyumbani

Swali ambalo washauri wa biashara ndogo nchini Tanzania huulizwa mara kwa mara ni la mtaji: shilingi ngapi zinatosha kuanzisha biashara ya nyumbani, iwe ya maandazi, barafu, keki, sabuni ya maji au ushonaji. Swali hilo limejibiwa kupita kiasi, katika semina, redioni na kwenye vikao vya vikoba, na kila linapojibiwa kwa kutajiwa kiasi cha fedha muulizaji hupotezwa, kwa sababu fedha za kuanzia hazimwambii mtu kama yuko tayari, bali humwonyesha tu kwamba anaweza kununua unga wa siku kadhaa. Linalopaswa kuulizwa ni kama biashara hiyo, ikishaanza, itaweza kujilipia yenyewe kila inachokitumia.

Kinacholifanya swali la mtaji liendelee kuulizwa ni imani kwamba biashara ya nyumbani haina gharama. Wanaoishikilia imani hiyo husema kuwa mwenye fremu hulipa pango, mlinzi na umeme, ilhali anayefanyia kazi nyumbani ana jiko tayari, maji yapo, mikono ni yake na watoto watasaidia, kwa hiyo chochote kinachobaki baada ya kununua malighafi ni faida. Maneno hayo si ya kweli, na yanaweza kuiingiza kaya kwenye madeni, kwani gharama haiondoki kwa kuwa imelipwa kutoka mfuko mwingine.

Uchukuliwe mfano wa mama wa Dar es Salaam anayekaanga maandazi 120 kwa siku na kuyauza kwa shilingi 200 kila moja, ambaye mauzo yake ghafi, yaani fedha zote zinazoingia kabla ya kutoa chochote, yanatarajiwa kuwa shilingi 24,000. Bei zinazotumika hapa ni za kukadiria, na kila msomaji anaweza kuweka za mtaani kwake. Unga wa ngano kilo 4 humgharimu shilingi 8,000, sukari 2,250, mafuta yanayonyweka katika siku moja 6,000, na hamira, iliki na chumvi 1,000, jumla 17,250. Zinabaki shilingi 6,750, ambazo wahasibu huziita faida ghafi, na ambazo mama huyu, kama alivyofundishwa, huziita faida bila kuongeza neno.

Hapo ndipo hesabu ya kweli inapoanza, maana mkaa uliowaka asubuhi hiyo ni wa shilingi 2,000, ijapokuwa ulitoka kwenye gunia lililonunuliwa kwa matumizi ya familia. Maji ya ndoo ni 300, mifuko ya kufungia 500, na nauli ya kufuata unga 1,000, hivyo kinachobaki ni 2,950. Maandazi 10 hayakununuliwa, au yameliwa na watoto, au yamechukuliwa na jirani aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi, nayo ni shilingi 2,000 ambazo hazikuingia. Zimebaki shilingi 950, na kwa kuwa kazi ilianza saa 10 alfajiri ikaisha saa 4 asubuhi, mama huyu amefanya kazi kwa malipo yasiyofikia shilingi 160 kwa saa, kabla ya kuhesabu uchakavu, yaani thamani ambayo karai na jiko hupoteza kidogo kidogo hadi siku ya kununua vingine.

Ipo pia gharama mbadala, istilahi ya wachumi yenye maana ya kile ambacho mtu angekipata kama muda au mali yake angeitumia kwingine. Kama mama huyo angeweza kufua nguo za watu kwa saa zilezile sita na kulipwa shilingi 5,000, basi maandazi yanamrudisha nyuma kila siku, hata kama daftari linaonyesha kwamba amebakiwa na kitu. Kumwambia kwamba dawa ni kuongeza mtaji ni kumtwisha mzigo zaidi, kwani mtaji ukiongezeka maradufu huku bei na namna ya kazi zikibaki zilezile, kinachoongezeka kwa hakika ni saa za kusimama mbele ya moto. Akikopa kwa wale ambao mikopo yao mitaani huitwa kausha damu, rejesho la wiki litalipwa kutokana na shilingi 5,700 alizobakiza kwa siku sita, na kila kinachozidi hapo kitatoka kwenye chakula cha nyumbani au ada ya mtoto. Ukweli ni kwamba familia ndiyo imekuwa ikiifadhili biashara, ingawa wote waliamini kwamba biashara inailisha familia.

Makosa ya aina hiyo huwapata hata wasiogusa mkaa. Katika nyumba ya kupanga ambayo wapangaji huchangia LUKU moja, friji ya barafu na juisi ya mmoja wao hula uniti za watu wote, na faida inayosifiwa hudumu mpaka siku wenzake watakapodai hesabu. Kutotofautisha fedha zinazoingia na zinazobaki humponza mtu mbele ya sheria pia: vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 viliwalenga wenye mauzo ghafi yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na muuza maandazi wa mfano huu, anayeingiza shilingi 22,000 kwa siku 26 za kila mwezi, hufikisha 6,864,000, ilhali anachobaki nacho mwaka mzima hakifiki 300,000.

Kipimo cha utayari, basi, ni daftari la siku 28, linaloandikwa biashara ikiendeshwa kwa kiwango kidogo kinachoweza kugharimiwa bila mkopo, ambamo mkaa, maji na umeme hununuliwa kwa fedha za biashara, mwenye biashara hujiandikia ujira, na kila andazi lililoliwa nyumbani huhesabiwa kuwa limeuzwa kwa mkopo. Hesabu ikionyesha hasara, bei ipandishwe, au watafutwe wanunuzi wa oda kama shule na ofisi, au kazi hiyo iachwe, na kuiacha mapema si aibu. Ikionyesha faida, TIN hutolewa na TRA bila malipo, jina la biashara husajiliwa BRELA, leseni na masharti ya afya huulizwa kwa afisa biashara na afisa afya wa halmashauri, na anayetaka kufungasha chakula apitie SIDO kabla ya kwenda TBS. Kwa mtaji wa nyongeza, mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hufuatwa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkopo wowote, hata huo usio na riba, usichukuliwe kabla ukurasa wa siku ya 28 haujajazwa.