Mwanachuo Ashike Kibodi Mwenyewe

Warsha nyingi za programu vyuoni hufuata mkondo mmoja: mhadhiri anawasha projekta, slaidi zinapita moja baada ya nyingine, wanachuo wananakili, na jioni desa linarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Naamini warsha ya namna hiyo haimfundishi mtu kuandika programu, hata mhadhiri awe bingwa wa fani yake. Sehemu kubwa ya saa za warsha inapaswa kuwa mikononi mwa wanachuo wenyewe, waandike, wakosee na warekebishe.

Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na ufundishaji unaomshughulisha mwanafunzi katika sayansi, uhandisi na hisabati. Penye mihadhara pekee, karibu asilimia 34 ya wanafunzi walifeli. Penye kushughulishwa, karibu asilimia 22. Kwenye programu sababu haijifichi. Chukua orodha ya mvua ya miezi 12 iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Mwanachuo anataka mvua ya Desemba, anaandika namba 12, na programu inagoma, kwa kuwa Python huanza kuhesabu orodha kwenye 0, hivyo Desemba ni namba 11. Hilo ni kosa la heri, maana linajitangaza. Lakini akitaka Januari akaandika 1, atapewa mvua ya Februari kimyakimya, wala hapatokei onyo lolote. Slaidi inaweza kuieleza kanuni hii kwa sentensi moja na ukumbi mzima ukaitikia. Tabia ya kulishuku jibu lililotoka bila kelele, ambayo ndiyo roho ya kazi yenyewe, humjia aliyekwisha kudanganywa na jibu la aina hiyo huku yupo mtu karibu wa kumwonyesha lilikotokea.

Namna ya kuiendesha warsha kama hiyo inajulikana. Software Carpentry, mradi ulioanzishwa na Greg Wilson na Brent Gorda mwaka 1998 kuwafundisha watafiti programu, umejenga desturi ya mwalimu kuandika kila mstari papo hapo mbele ya darasa, na wanafunzi wakaandika pamoja naye. Vidole humpunguzia mwalimu kasi, na akikosea wanafunzi humwona anavyousoma ujumbe wa kosa, ambao katika Python huanziwa mstari wa mwisho. Kila mwanafunzi ana vikaratasi vya kunata vya rangi mbili: kimoja akibandika kwenye kompyuta ina maana amemaliza, kingine amekwama. Wasaidizi hupita wakifuata rangi. Hapo pana sharti moja ninalolithamini kuliko yote: msaidizi asiishike kibodi ya mwanachuo. Aulize, aelekeze, asubiri.

Wapo watakaosema vyuo vyetu havina kompyuta za kutosha. Ni kweli kwa vingi, lakini wawili kwa kompyuta moja, wakipokezana kibodi kila baada ya dakika chache, hulazimika kuelezana wanachokifikiri, na wengi hunufaika na hilo. Intaneti ikisumbua, programu zote zinaweza kupakuliwa mapema na kugawiwa kwa flashi. Pingamizi zito zaidi ni la muhtasari: kwa mwendo huu mada zitabaki. Zitabaki, ndiyo. Ila mada iliyotajwa tu bila kufanyiwa kazi imekamilika kwenye karatasi za mhadhiri peke yake.

Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, wengine huuliza kuna haja gani ya kuhangaika ilhali mashine inaandika msimbo kwa sekunde. Swali hilo lina uzito, na vijana wanastahili jibu la kweli. Mashine hizo huandika msimbo unaokubali kufanya kazi lakini ukatoa jibu potofu, yaani kosa lilelile la Februari kujibu kwa jina la Januari, safari hii likiwa katikati ya mistari mingi ambayo mwanachuo hakuiandika. Kwa hiyo saa za mwanzo za warsha ningezipitisha bila msaada wa mashine. Baadaye wapewe msimbo ulioandikwa nayo, pamoja na takwimu ambazo majibu yake wamekwisha kuyakokotoa kwa mkono, kisha watafute palipoharibika.